Barua Iliyomkana Ghati

Jumatatu, 2 Juni
Ng'ombe wametoka. Ukungu mzito, inaonekana migongo tu, kama wanaelea. Nimesimama zizini nikiwatazama mpaka chai ikapoa. Tangu nistaafu ualimu asubuhi zangu ni ndefu, nazipitisha kama niko usingizini.

Ghati kapiga simu kutoka ng'ambo. Binti yetu wa pili. Kaongea na mama yake tu. Na mimi haongei, mwaka wa pili huu. Ombi lake la hifadhi ya ukimbizi wamelikataa. Amekwenda mahakamani.

Alhamisi, 5 Juni
Mama Robi, mke wangu, kanieleza kidogo kidogo, huku akipepeta ulezi. Baraza lililomkatalia Ghati limeandika sababu zake. Kubwa ni hii: baba mzazi amethibitisha kwa barua kuwa nyumbani ni salama, hakuna atakayemkeketa yeye wala mtoto wake wa kike.

Baba mzazi ni mimi.

Niliiandika kweli. Anwani niliipata kwenye karatasi alizomtumia mama yake. Mdogo wangu Marwa alikaa hapa sebuleni akasema, "Mwalimu, binti yako anatutangaza kwa wageni kama sisi ni wanyama. Utanyamaza?" Sikunyamaza. Kurasa mbili, mwandiko mzuri wa ubaoni. Niliona fahari.

Marwa huyo huyo alishasema mbele yangu: Ghati akirudi atakeketwa, hata kama sasa ni mama wa mtu. Hilo sikuliandika.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kanisani. Nimesinzia mchana kwenye kiti, nikamwota Robi, mtoto wetu wa kwanza. Bado ana miaka kumi na minne. Anapita katikati ya mahindi na mahindi hayatikisiki. Nilitaka kumwita, mdomo ukawa mzito. Baruti za mgodi wa jirani zikaniamsha, madirisha yanatetemeka, vumbi linaning'inia kwenye mwanga.

Robi alikeketwa likizo ya Desemba. Mimi niliruhusu. Alitokwa damu siku mbili, ya tatu tukamzika. Shuleni nilisema malaria. Nimesema malaria miaka yote hii mpaka nikaanza kuamini.

Ghati aliona kila kitu. Alikuwa na miaka tisa. Zamu yake ilipofika akatoroka, akaenda nyumba salama ya wasichana. Huko ndiko alikosomea.

Jumanne, 17 Juni
Nimeomba namba ya wakili wa Ghati. Mama Robi kanitazama muda mrefu, kisha akanipa.

Wakili ana sauti ya chini. Mkalimani wake ana Kiswahili cha Kenya. Nikawaambia nataka kuandika barua nyingine, ifute ile ya kwanza, wampe jaji.

"Jaji hawezi kuipokea, Mzee," mkalimani akasema. "Yeye haamui kama Ghati anasema ukweli. Anaangalia tu kama waliomkatalia walifuata sheria."

Hawakufuata, wakili anavyoona. Barua yangu waliitumia bila kumwonyesha Ghati, hakupata nafasi ya kuijibu. Ndipo anaposhikilia.

Kwa hiyo toba yangu haina mlango. Kinachoweza kumwokoa ni kwamba uongo wangu ulifichwa. Najisikia mchafu.

"Tukishinda," wakili akaongeza kupitia mkalimani, "ombi linarudi barazani lisikilizwe upya. Hapo tutakuhitaji. Kwa kiapo."

Jumatano, 9 Julai
Siku ya shauri. Huko kunakucha kabla ya kwetu; walishakaa na kuinuka kabla sisi hatujanywa chai. Jaji ataandika uamuzi baadaye.

Nimepalilia mihogo. Nimerudia mstari mmoja mara mbili bila kujua.

Jumamosi, 26 Julai
Marwa kaja. Kasikia habari za kiapo. Hakukaa.

"Ukimtaja Robi kwenye karatasi, kuna watu watafungwa. Wa kwanza ni wewe."

"Najua," nikamwambia.

Akaondoka bila kuaga. Naogopa. Sitajidanganya.

Ijumaa, 22 Agosti
Uamuzi wa baraza umetenguliwa. Jaji kasema Ghati alistahili kuonyeshwa barua kabla ya kuamuliwa kwa kutumia barua hiyo. Hajapewa hifadhi. Amepewa kusikilizwa tena.

Mama Robi kaketi chini mlangoni mwa jiko, akalia kwa sauti. Sikujua nimshike au nimwache. Nimemwacha. Kosa.

Jumatatu, 25 Agosti
Tarime mjini, ofisi ya wakili Nyamisangura. Mama Robi kasema lazima twende wote.

Nimeandika yote. Aliyeruhusu, aliyekata, siku mbili za damu. Marwa na maneno yake. Kwamba barua ya kwanza ilikuwa uongo wangu. Wakili, mama wa makamo, kanisomea polepole. Alipofika kwenye jina la Robi sauti yake ikashuka.

"Unathibitisha, Mzee?"

"Nathibitisha."

Mhuri. Sahihi yangu imepinda.

Nje, mji mzima ulikuwa kama uko chini ya maji. Pikipiki, wauza ndizi, redio za madukani, vyote mbali. Mama Robi kanishika mkono katikati ya barabara. Hatujawahi kutembea hivyo. Watu wakatazama. Tukaendelea.

Alhamisi, 4 Septemba
Ghati kapiga. Kaniomba mimi.

"Tata," akasema, yaani baba kwa lugha yetu. "Nimekisoma kiapo chako."

Nikasema naomba unisamehe. Akahamia kwenye shauri, na sikumsukuma. Siku ya kusikilizwa haijapangwa. Kasema mtoto amejifunza kuvaa viatu mwenyewe, ila anabadilisha, cha kulia anavaa kushoto, na hataki kurekebishwa. Nikauliza ni viatu vya rangi gani. Vya njano. Tukaongea viatu mpaka simu ikakatika.

Marwa hajaonekana. Polisi nao bado.

Nimekaa nje, upande wenye jua.