Mguu wa Mánus

Ardara, Donegal
9 Novemba

Kwa dada yangu mpendwa Gráinne,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na Aoife hamjambo huko Boston, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi huku tu wazima, ila mvua haijakatika tangu maonyesho ya kondoo na nguo hazikauki.

Uliniuliza habari za albamu. Unajua miaka ishirini na sita nimemsindikiza Mánus Boyle, yeye na fidla mbele, mimi na gitaa nyuma. Alipofariki mwezi wa pili, watu walisema nami nimekwisha. Nikaamua kurekodi peke yangu, gitaa tupu, nyimbo kumi na mbili. Sorcha, fundi wa sauti kutoka Letterkenny, alileta mitambo yake katika shule ya zamani iliyofungwa, tukafanya kazi mchana, siku nne.

Siku ya mwisho alisimamisha kurekodi akaniambia, "Lorcan, acha kugonga mguu." Nikamwambia sigongi. Akasema, "Basi ni babu yangu anayegonga." Nikavua viatu, nikakaa juu ya meza miguu ikining'inia, tukarudia. Tuliposikiliza, mguu ulikuwepo: mapigo mawili mazito, la tatu likichelewa kidogo. Sorcha alidhani ni bomba la maji. Mimi niliutambua. Umekaa mara ngapi jikoni kwetu Mánus akipiga fidla. Unajua ni nani aliyeburuta kisigino hivyo tangu aanguke na pikipiki.

Tukakagua nyimbo nyingine kumi na moja. Zote safi. Mguu ulikuwa katika ule mmoja tu, uliobeba jina la albamu, ambao kila aliyeusikia anasema ndio utunzi wangu bora.

Dada, si utunzi wangu. Siku mbili kabla ya kufa, Mánus hakuweza tena kushika fidla. Aliniita hospitalini akaniimbia wimbo ule bila maneno, mara tatu, mpaka nikaushika. Alikuwa amemtungia mkewe, Una, akaniomba niupige kaburini. Siku ya mazishi nilisimama pale na gitaa langu nikapiga mwingine. Nilijiambia nimesahau. Sikusahau hata noti moja. Niliutaka uwe wangu, maana miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi mwenyewe nina wimbo wangu.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Una na gitaa, nikamweleza yote. Hakunifukuza. Alimimina chai, akasema taratibu, "Tangu mazishi nasikia mguu wake chini ya meza hii. Nikadhani nachanganyikiwa. Mguu unakwenda, muziki hamna." Akavuta kiti karibu. "Haya, piga."

Nikapiga. Mbao za sakafu zikaanza kugongwa kati yetu, mapigo mawili, na la tatu likichelewa. Chai ikatikisika vikombeni. Una alilaza kiganja juu ya meza kama mtu anayemtuliza farasi, wala hakukiondoa. Nilipomaliza, mguu ulisimama pamoja nami. Tukangoja mpaka chai ikapoa. Haukurudi.

Mlangoni aliniambia, "Huu usimpigie mtu mwingine tena. Ni wangu."

Kwa hiyo nimeuondoa. Albamu itatoka na nyimbo kumi na moja, na jina jingine. Nakala ya majaribio ya wimbo ule niliyokutumia mwezi uliopita, tafadhali ifute, usiisikilize hata mara moja zaidi. Najua Aoife alitaka kuingia nao kanisani siku ya harusi yake. Mwambie mjomba anamtungia mwingine, wa kwangu kweli, hata ukitoka mbaya.

Nisalimie shemeji na majirani wote wa kwetu walioko huko. Mungu awatunze.

Ndimi mdogo wako,
Lorcan