Mashua Iliyoanikiwa Pilipili

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Kijiji kimeamua kununua mashua. Nimeandika mwenyewe kwenye muhtasari, kwa hiyo ni kweli.

Tangu tuhamishiwe huku kando ya ziwa, mashamba yetu ya uwele yamebaki ng'ambo ya ghuba. Sasa hivi unavuka tope kwa miguu. Mvua ikishika, ghuba inajaa, na kuzunguka ni mwendo wa siku nzima. Mwaka jana ndege walikula uwele wetu sisi tukiwatazama.

Tangu nimalize darasa la saba mimi ndiye mwandishi wa kamati, kwa sababu ya mwandiko. Shida ni kuusoma muhtasari kwa sauti. Mwenyekiti, Mzee Laurenti, alisema hanisikii, basi baba akawa anarudia kila sentensi yangu kwa sauti, kama mkalimani wa mahubiri. Tena anaongeza. Mimi nilisoma, "Wajumbe walishauriana." Baba akasema, "Wajumbe walishauriana kwa busara kubwa!"

Mashua ni ya Bwana Shantilal, mwenye duka Ulemo. Anataka maksai wawili. Baba ametoa wa kwetu, Askari na Kijivu. Bila wao tutalima kwa jembe la mkono, sisi na nyumba nne tunazozilimia. Mama alikoroga uji muda mrefu.

Kabla ya kununua, ushauri utafutwe. Mshauri amechaguliwa Babu Alute, kwa kuwa hajawahi kudanganywa kwenye mnada wa ng'ombe.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumekwenda Ulemo kwa lori: Mwenyekiti, baba, Babu Alute, mimi na daftari.

Mashua iko chini ya kibanda nyuma ya duka. Ndefu, nyembamba kama ganda la kunde. Ndani yake Mama Kokila, mke wa Bwana Shantilal, ameanika pilipili.

"Miaka minne naanika humu," alisema. "Haijapata kulowa hata tone."

"Andika hilo, mjukuu wangu," Babu Alute akaniambia. Nikaandika.

Aliizunguka mara tatu. Aligonga mbavu. Alipapasa mgongo. Aliinamisha kichwa ndani kunusa, akapiga chafya hadi kofia ikaanguka. Kisha akasema kifua ni kipana, nyuma ni safi, haina kovu, na haijakondeana.

Bwana Shantilal alisema, "Mzee, mimi mashua sijui. Nilikuwa nanunua samaki tu. Aliyeitengeneza ni fundi wa Ukerewe, alisharudi kwao. Tafuteni mtu wa maji aiangalie."

"Mtu wa maji wa nini," Babu Alute akasema, "na mashua iko nchi kavu?"

Wote tuliona ni jibu zuri. Hata mimi.

Tumepewa tuijaribu. Ijumaa tarehe 21 lori lirudi Ulemo na mashua, au lirudi na maksai.

Jumamosi, 8 Novemba

Kijiji kizima kilifika ziwani. Mwinjilisti aliomba kwa kifupi. Wajumbe wanne wakapanda, wamevaa viatu.

Maji yaliingia. Si kwa tundu — kwa kila maungio, pande zote, taratibu, kama jasho na baadaye kama mfereji. Mwenyekiti alibaki amesimama wima mpaka yakamfika magotini, labda akisubiri yakome.

"Inahara," alisema Babu Alute kutoka ufukweni. Yeye hakuwa amepanda.

Kamati ilikaa palepale, imelowa. Azimio: mashua ni mgonjwa, irudishwe. Mwenyekiti alitia sahihi kwa mkono wenye maji na wino umetambaa.

Baba alifurahi kubaki na Askari. Halafu akatazama ng'ambo.

Jumapili, 9 Novemba

Kisimani baada ya ibada. Mama Febronia, mke wa mwinjilisti, alikuwa anachekea ndani ya ndoo yake. Yeye ni mtu wa Ukerewe, na marehemu baba yake alikuwa fundi wa mashua. Hilo nililisikia zamani nikalisahau. Nadhani kila mtu alilisahau.

Nilitaka kumwuliza. Ndoo mbili zilijaa kabla sijapata neno la kuanzia.

"Shikamoo, mama. Ile mashua ni mbovu?"

"Marahaba. Wewe choroko kavu unazitafuna bila kuziloweka?"

Nikasema hapana.

"Mmeipanda na kiu yake ya miaka minne. Mbao zimesinyaa. Izamisheni. Tieni mawe, ikae chini ya maji siku nane. Ikishakunywa, mbao zitavimba na kujifunga zenyewe."

Nikauliza kama imeoza itajulikanaje. Alisema nichukue msumari nidunge. Ubao mzima unaukataa msumari. Uliooza unaupokea kama kiazi kilichoiva.

"Mbona jana hukusema, mama?"

"Aliniuliza nani?"

Alijitwika ndoo akaondoka.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeidunga mashua yote. Inakataa, inakataa, inakataa. Lakini nyuma, chini ya mahali pa kukaa mpiga kasia, msumari umezama mpaka kichwani. Pana upana wa dole gumba.

Nimepapaka tope. Sijui kwa nini nimepapaka tope.

Jumanne, 11 Novemba

Nilisimama kwenye kikao. Nikasema mashua isirudishwe, izamishwe.

Baba hakurudia. Alinitazama kama nimesema nimeolewa.

Nikasema tena. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Safari hii walisikia.

"Ng'ombe akihara," Babu Alute akauliza, "tunamtumbukiza mtoni?"

Nikasema si maneno yangu, ni ya Mama Febronia. Aliitwa. Alisema alichoniambia mimi, kwa sentensi nne, amesimama mlangoni, akarudi kwenye chungu chake. Mwenyekiti alishangaa kusikia kwamba ni mtu wa Ukerewe. Mwinjilisti akasema yeye mwenyewe alimwoa huko.

Baba akasimama. "Maksai ni wangu. Izamishwe."

"Ikivuja tena siku ya kumi, Filipo, hatuna mashua, na ghuba imejaa," alisema Mwenyekiti. "Na ikizama na maksai wamekwenda, ni makosa ya nyumba yako."

"Ni ya nyumba yangu."

Hapo ndipo nilipaswa kusema habari ya msumari. Sikusema.

Jumatano, 12 Novemba

Tumeizamisha. Mawe yalibebwa na kijiji kizima.

Mtu mmoja wa Misigiri alipita na baiskeli akauliza tunafanya nini. Mwenyekiti akamwambia tunazamisha mashua. Akauliza mashua ya nani. Mwenyekiti akasema ya Bwana Shantilal, tuliazima. Yule mtu akapanda baiskeli yake bila kuaga.

Jumapili, 16 Novemba

Pilipili zimeelea. Zilikuwa zimejificha kwenye mbavu. Watoto waliokwenda kuoga wamerudi wanalia.

Jumatano, 19 Novemba

Wingu jeusi upande wa ng'ambo. Watu wanalitazama, kisha wanamtazama baba.

Jioni nilimkuta anamkuna Askari shingo. Nikamwambia yote: msumari, dole gumba, tope.

"Kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha dole langu.

"Mbona hukuniambia, Esta?"

"Ungelirudia kwa sauti."

Hakucheka. Baadaye kidogo alicheka.

Tulikwenda wote kwa Mama Febronia. Hakutulaumu. Alisema palipooza pachongwe, pazibwe kwa kizibo cha mti mgumu, nacho kitavimba pamoja na wenzake. Ila hawezi kuapa, alisema, kwa kuwa kizibo hakijanywa siku nane. Kabla hatujatoka alikwisha kuanza kutafuta kisu.

Njiani baba akasema, "Kesho kikaoni useme mwenyewe. Mimi nitakaa kimya."

Alhamisi, 20 Novemba

Nilisema. Nilinyanyua dole wote walione. Baba alikaa kimya, ingawa midomo yake ilikuwa inacheza.

Babu Alute alisema hata yeye siku ile alinusa kitu.

Mashua imetolewa mawe, imekaushwa maji, Mama Febronia amegonga kizibo. Uamuzi wa kamati: kesho aliyeshauri akae ndani mpaka kivuli cha nguzo iliyosimikwa ufukweni kifike kwenye jiwe lililowekwa kuwa alama. Kama maji yataingia, irudi Ulemo. Nimeuandika mwenyewe, na jina langu mwenyewe.

Ijumaa, 21 Novemba

Naandika nikiwa ndani ya mashua. Nina daftari, kopo la kuchotea maji na kipande cha mkaa.

Ufukwe uko mbali kama upana wa uwanja wa shule. Naona lori, dereva analala. Naona Askari na Kijivu wamefungwa kwenye mti kando ya lori. Naona kivuli cha nguzo, bado kidogo.

Ubavuni kwa ndani, juu kidogo ya sakafu, nimechora mstari kwa mkaa. Chini ya mstari kuna unyevu wa jana. Juu ya mstari pakavu. Maungio yamefungana hata ukucha haupiti. Sikudhani mbao zinaweza kufanya hivyo.

Kizibo kinatoa jasho. Tone moja. Nimehesabu mpaka mia mbili, likaja la pili.

Ng'ambo mvua imeanza. Naiona imesimama juu ya mashamba yetu.

Mwenyekiti ameuliza kitu, upepo umekichukua. Baba ameuliza: maji yamefika wapi?

Nimesimama. Mashua imeyumba, nimekaa. Nimejibu nikiwa nimekaa: maungio makavu, kizibo kinatoa tone moja kwa mia mbili, mstari haujaguswa.

Nimengoja baba arudie. Hakurudia. Watu wameanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Walisikia.

Mwenyekiti amemgeukia Babu Alute ampe ushauri. Babu Alute amevua makubazi, amempa Mama Febronia amshikie, na sasa anakuja ndani ya maji, suruali imekunjwa, fimbo mbele.

"Mjukuu wangu," anasema, "kinapandiwa upande gani kitu hiki?"

Akiingia mtu mzima mashua itashuka. Sijui mstari utasemaje.

Kivuli kimegusa jiwe. Dereva ameamka. Baba amekwenda kwenye mti, ameshika kamba ya Askari. Hajaifungua. Anamkuna shingo.