Mubirizi wa Ng'ombe ya Mwisho

Furaha, mujukuu wangu,

Hapa Kashuga, mu kambi ya wakimbizi, tuko, Mungu anatuchunga. Mama yako alipata kipande cha shamba, ametia maharagi. Magoti yangu siyataji, unayajua.

Unasema mu labo yenu ya utafiti munalea mimba changa za ng'ombe ndani ya kisahani, na munatia maji ya majani ya mubirizi, ule muti wetu muchungu, ili zikomae. Lakini zako zinakufa. Unauliza sisi kule kwetu Bihambwe tulikuwa tunapima namna gani.

Hatukupima. Ng'ombe ikishika mimba, baba yangu alikuwa anaponda majani, anachanganya na maji, anaonja yeye kwanza. Uchungu ukimukunja uso, anaongeza maji. Ukibaki kidogo tu nyuma ya ulimi, njo ng'ombe inakunywa.

Halafu tukabaki na ng'ombe moja. Zingine zilikwenda namna gani, sikuelezei. Ile moja ikashika mimba. Siku hiyo nilimuona baba anaonja, anakunja uso, lakini haongezi maji.

Mama akamuambia baba: "Papa Bahati, iko kali."

"Hii njo ya mwisho. Acha ipate nguvu."

Kesho yake ndama ilikuwa chini, haijaota hata manyoya.

Sijui kama dawa njo iliangusha ile mimba. Woga niliuona. Ukitia matone yako, angalia kama mukono wako hauogopi.

Umeomba majani. Jirani aliyepita Bihambwe anasema mubirizi umejaa ndani ya zizi letu mpaka mulangoni. Nitamuomba akukatie. Hakuna ng'ombe ya kuunywa.

Koko yako