Mume wa Bibi Hakuridhia

Baba, shikamoo. Wali nimeufunika jikoni. Bibi amelala, usimwamshe. Nimekwenda foleni ya sukari.

Karatasi za Bibi za kwenda kuishi Maskati kwa Ami Shaaban hazikupita. Asubuhi afisa uhamiaji alimuuliza mimi ni nani wake. Bibi akajibu kama kawaida yetu, “Mume wangu.”

Afisa naye akaingia kwenye utani: “Haya bwana, umeridhia mkeo akaishi huko moja kwa moja?”

Nikasema sijaridhia. ~~Nilikuwa natania tu.~~

Tulicheka wawili. Bibi hakucheka. “Umesikia, mwanangu? Mume wangu kakataa, nami siwezi kumwacha Shinyanga peke yake.”

Afisa akafunga faili. Bibi alinishika mkono mpaka mlangoni kwetu.

Mwandikie Ami kwamba mwenye mke amekataa.

Mwanao,
Maulidi