Jina la Nje ya Geti

Jumapili jioni

Sheria ya soba hausi hii inaniudhi kuliko uji wao usio na sukari. Humu ndani ni marufuku kumwita mtu kwa jina la mwanawe. Mshauri anasema tulijificha nyuma ya ubaba huku tukinywa gongo kule machimboni. Kwa hiyo kila asubuhi nasimama: "Naitwa Masanja, mimi ni mraibu." Sawa. Lakini ni miezi miwili sasa sijaitwa Baba Kulwa.

Leo mke wangu amekuja kutoka Katoro, mara ya kwanza. Nilijua nitalisikia jina hilo. Akaniita Masanja. Masanja unakula? Masanja umenenepa. Kama karani anayesoma kitambulisho. Mapacha wetu, Kulwa na mwenzake, hakuwaleta. Nikawaza, huyu ameshaniacha, amekuja kuaga tu. Sikuthubutu kuuliza.

Nikamsindikiza mpaka getini, mwisho wangu ni pale. Akatoka, mlinzi akafunga. Nilikuwa nimeshageuka.

"Baba Kulwa!" akaita kutoka barabarani. "Wameniambia huko ndani hairuhusiwi. Watoto wanakusalimia."

Niliitika kwa nguvu mpaka mlinzi akashtuka.

Imebaki miezi minne. Natamani hata anigombeze, ilimradi aanze na hilo jina.