Yule Mwenye Glavu

Grimsby, 27 Desemba

Mdogo wangu Clive,

Mvua haijakatika tangu Jumapili, na bata mzinga wa Krismasi bado amebaki nusu nzima. Jana mchana walionyesha tena ile filamu ya jasusi, kama kila mwaka siku ya pili ya Krismasi. Unakumbuka Baba alivyokuwa akitumalizia uhondo? "Yule mwenye glavu ndiye msaliti!" Kisha matangazo yakianza anakwenda kuchemsha chai, kajawa na raha.

Safari hii alikaa kimya mpaka treni ikafika darajani. Mwenye glavu alipotoa bastola, Baba aliruka kitini. "Kumbe ni yeye! Mshenzi mkubwa! Si walikuwa marafiki?" Miaka thelathini, Clive, na aliitazama kama hajawahi kuiona.

Chai nilichemsha mimi. Alinusa kikombe, akanikazia macho kama mtu asiyenijua.

"Wewe dada, uko upande wa nani?"

"Upande wako, Baba."

"Wote husema hivyo," akasema, akakiweka chini bila kuonja.

Pasaka wataionyesha tena. Njoo. Labda chai yako atainywa.

Dada yako,
Hilary