Wakaguzi wa Ruzuku Walishiba Kwangu

Mpendwa Mama Sayragul, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana hapa Osh sina wa kumlilia. Nina mgahawa wa chai ulioachwa na marehemu baba mkwe, tulifungiwa miezi ile ya korona na tangu tufungue wateja hawafiki watano kwa siku, tanuri la mkate limepasuka na nisipolijenga kabla ya baridi nafunga kabisa, basi halmashauri ikatangaza ruzuku kwa biashara ndogo zilizoumia, nikajaza fomu, wakaguzi watatu wakaja kuona nilivyoumia, na mimi na mama mkwe tukasema hawa ni wageni, tukaazima nyama kwa jirani wa kulia na zabibu kavu kwa wa kushoto, nikapika pilau, na majirani waliotuazima wakakaa nao kula, mgahawa ukajaa kama siku ya harusi. Mkuu wao, Bwana Ermek, alilegeza mkanda akasema, "Mama, kama huku ndiko kuumia, hata sisi tunaomba tuumie." Nikadhani ananisifu.

Barua ikaja: biashara imestawi, haihitaji msaada. Ruzuku akapewa Ne'mat, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye siku hiyo mkewe alikuwa kwao na wakaguzi wakaambulia chai ya jana. Sasa kila akipita ananiuliza, "Shemeji, leo hakuna pilau la serikali?"

Nimekata rufaa, wanarudi Alhamisi. Nilipomwambia mama mkwe safari hii tuwape chai tupu, alilia. "Nife kwanza," akasema, "ndipo mgeni akae mbele ya meza tupu humu ndani." Kondoo wetu mmoja aliyebaki ameshamfunga mlangoni tayari kuchinjwa. Nifanyeje?

Mavjuda, Osh

Mavjuda, pole, lakini na kukusema nitakusema. Watu wamekuja kutazama njaa yako, wewe ukaifunika kwa pilau, halafu unashangaa hawakuiona. Hata mimi nisingeiona, ningeomba niongezwe. Wala simcheki mama mkwe wako, kwani mwaka ule wa korona mimi mwenyewe nilimpa mpima homa asali ya mwisho iliyokuwamo ndani.

Alhamisi wasubiri nje. Kabla hawajakaa, wapeleke kwenye tanuri, watie mikono waone lilivyo baridi. Majirani wabaki makwao, na Ne'mat asikunyime usingizi. Mama mkwe usimfiche, mwache awasimulie mgahawa ulivyokuwa enzi za mumewe. Atalia, na machozi hayo hakuyaazima kwa mtu.

Kondoo mfungueni arudi zizini. Wakikataa tena, muuze, huyo ndiye tanuri lako.

Wakishatia sahihi ripoti yao, ndipo uwakaribishe chai na mkate, ili mama mkwe apate amani. Uwe mkate wa kununua. Bwana Ermek akiuliza inakuwaje mwenye mgahawa anunue mkate, usione haya, mwambie huku ndiko kuumia.